Fundi Jibu: Spika za sebuleni ndani ya Vitz

Mwezi huu nimepata maswali ya pampu ya maji, ya pasi inayopiga watu shoti, na moja ya presha kuka ambayo sitaijibu juu hiyo ni ya kupelekea mtu aione na macho yake. Lakini mengi, mengi kabisa, yamekuwa ya spika za nyumbani na gari, inakaa watu wameanza kuangalia yale maboksi ya zamani pale kando ya kabati na kujiuliza kwani hizi haziwezi nisaidia kwa jam ya Jogoo Road hapa Nairobi? Basi tuiongee leo tuimalize.

Swali: Sasa fundi. Niko Umoja na niko na Vitz. Spika za milango ya mbele zilipasuka kitambo, sai zinakwaruza tu, hata taarifa ya habari huwezi kusikia vizuri. Binamu yangu amehamia Kisumu akaniachia spika mbili za nyumbani za maboksi ya mbao, kila moja iko na wufa (ile kubwa ya besi) ya inchi 6 na nusu na twita (ile ndogo ya sauti kali) juu, nyuma imeandikwa 8 ohm. Bajeti yangu ni elfu tano, hakuna kingine. Fundi wa hapa mtaani anasema 8 ohm itachoma redio, mwingine anasema nitoe spika kwa boksi nizifunge mlangoni na boksi nifanye kuni. Nisikize nani?
*Dereva wa Vitz, Umoja*

Jibu: Usisikize yeyote kati yao, kijana wangu. Wa kwanza amekosea hesabu na wa pili amekosea zaidi, kwa sababu hiyo boksi anataka upikie chai ndio nusu ya spika yako.

Tuanze na ohm maana hapo ndio watu huogopeshwa bure. Ohm ni upinzani. Spika za gari nyingi ni 4 ohm, za nyumbani nyingi ni 8 (kuna za 6, na zile ndogo za homu thieta unaweza pata hata 3 au 4, soma nyuma kabla ya kufunga chochote). Sasa 8 ohm ni kama mfereji uliofunguliwa nusu, umeme unaopita ni kidogo, redio inafanya kazi rahisi kuliko venye imezoea. Redio huungua namba ikishuka, sio ikipanda. Kitabu cha redio nyingi za gari kimeandika wazi kabisa inakubali 4 mpaka 8, shida ni kwamba hicho kitabu hutupwa na karatasi ya boksi siku ya kwanza.

Kitu utapoteza ni nguvu kidogo. Hapo mbele redio imeandikwa 50W x 4, hiyo ni mdomo tu. Gari ikinguruma umeme wake ni kama volti 14, na kwa umeme huo redio bila amplifaya ya nje inatoa kama wati 20 hivi za ukweli kwa spika ya 4 ohm, zingine hata hazifiki. Ukiweka ya 8 unapata karibu nusu, tuseme 10. Najua ukisikia nusu roho inashtuka, lakini sikio halihesabu kama duka, nusu ya wati ni desibeli 3 pekee kushuka (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ndio mtu asikie sauti imekuwa nusu inabidi zishuke kama 10. Kwa gari ndogo kama Vitz na madirisha yamefungwa wati 10 ni kelele ya kutosha mtu wa bodaboda ageuke akuangalie.

Sasa boksi. Mwaka 1954 kule Marekani jamaa mmoja anaitwa Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1, na ujanja wake ulikuwa kulegeza wufa iwe laini kabisa halafu kuacha hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ifanye kazi ya springi. Mpaka leo wufa nyingi za nyumbani zimechorwa pamoja na boksi yake, iwe imezibwa kabisa au iko na lile tundu la kupumulia, yaani zile lita za hewa ndani ni sehemu ya mashine. Ukiitoa ukaiweka kwa mlango wa gari, mlango una matundu ya loki, ya nyaya, ya maji kutokea chini, hewa ya nyuma ya spika inazunguka inakuja mbele inakutana na ile ya mbele zinauana, besi inaisha. Unabaki na sauti ya redio ya askari wa geti.

Halafu kuna kioo. Sumaku ya wufa ya nyumbani ni nene, ukiteremsha dirisha kioo kinashuka moja kwa moja kinaigonga. Kama bado mtu anakushawishi mwambie ashushe kioo mpaka chini kwanza halafu apime na rula kutoka kwa chuma ya ndani, mjadala utaisha hapo hapo.

Kwa hivyo mimi ningefanya hivi. Milango ya mbele tafuta spika za gari za kawaida 4 ohm za kutolewa kwa magari ya Japani, tembea pale Kirinyaga Road na ndani ndani huko Grogan, uliza pole pole, usioneshe una haraka. Usinunue kabla hazijachezwa ukisikia, na sukuma koni na vidole viwili polepole, ikikwaruza rudisha. Hizo za mbele ndizo zitakupa sauti ya mtu anayeongea, hakuna haja mtangazaji akuhubirie kutoka kisogoni. Maboksi ya binamu yaende kwa buti, yafungwe kwa waya za spika za nyuma za redio. Kama redio ni ya dukani sio ile ilikuja na gari, kijani na kijani yenye mstari mweusi ni nyuma kushoto, zambarau na zambarau ya mstari mweusi ni nyuma kulia, ile yenye mstari ndio hasi. Redio iliyokuja na gari ina rangi zake, hapo usibahatishe.

Na kuna zawadi utapata hukuitarajia. Gari ni chumba kidogo kilichofungwa, na mawimbi ya besi ni marefu, ya Hz 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) yanakaribia mita 6. Besi ikishuka kiasi cha nusu ya wimbi kushinda urefu wa ndani ya gari, spika inaanza kusukuma hewa yote ya ndani kwa pamoja kama pampu, na besi inapanda yenyewe. Ndio maana boksi ambayo sebuleni ilikuwa na besi ya aibu ikiingia kwa Vitz watu wanakuuliza umeweka sabufa gani. Mimi mara ya kwanza kuisikia nilidhani kuna mtu amegusa ikwalaiza.

Kitu kimoja nakuomba usifanye, na ninaongea kama mtu alilipia. Mwaka wangu wa kwanza River Road nilifungia mteja spika nikaona waya imepungua, nikachukua zile hasi mbili nikazifunga pamoja kwa bodi ya gari vile tulikuwa tunafanya na taa. Redio ilinuka ndani ya dakika. Redio za gari za siku hizi waya zote mbili za spika ziko na umeme, hakuna iliyo ya chini, hasi haiguswi na bodi na haiunganishwi na hasi ya spika ingine, kila spika inakuja na waya zake mbili mpaka kwa redio. Nililipa ile redio kwa miezi mitatu.

Kabla ya kufunga chukua betri ya rimoti, ile ya volti 1.5, gusa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ya boksi, wufa ikiruka nje iko sawa, ikiingia ndani mtu aliwahi kugeuza waya ndani. Moja ikivuta na ingine ikisukuma besi inapotea na utakuja kulaumu maboksi ya watu.

Elfu tano yako spika za mbele zitakula kubwa yake. Inayobaki nunua waya ya spika nzuri na mkanda wa kufungia maboksi, amplifaya ingoje.

Swali: Mzee, mimi nilishafanya hiyo makosa. Mwaka jana nilifunga spika za nyumbani kwa milango ya Probox na zilikuwa zinapiga fiti kabisa, saa hii baada ya mvua ya Aprili moja inatoa sauti kama karatasi ya chipsi na ingine imenyamaza. Nifungue niangalie nini?
*Wa Rongai*

Jibu: Fungua, lakini naweza kukuambia utapata nini. Watu hudhani mlango wa gari unazuia maji. Hauzuii. Mvua inateremka na kioo inaingia ndani ya mlango na kutoka chini kwa yale matundu madogo, ndio yalivyotengenezwa, na kazi ya kulinda upande wako ni ile karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava ya mlango. Fundi wako alipokuwa anatafuta nafasi ya sumaku aliirarua akaitupa, sivyo? Spika za gari koni yake huwa ni ya plastiki au karatasi iliyopakwa dawa, ya nyumbani mara nyingi ni karatasi kavu tu, ilichorwa ikijua itaishi kando ya televisheni maisha yake yote. Ile ya sauti ya chipsi koni imelowa ikakauka ikajikunja na koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) sasa inasugua sumaku. Ile iliyonyamaza pima na maltimita, spika ya 8 ohm nzima itasoma kama 6 au 7, isiposoma chochote waya ya koili imekatika. Ikisoma, angalia kutu kwa vile vyuma vya kuunganishia kabla ya kuizika.

Usizirudishe hapo. Rudisha nailoni kwanza (ile nzito ya wajenzi inafanya, gandisha vizuri pande zote na ncha ya chini uiingize ndani ya mlango ili maji yateremkie upande wa nje) halafu weka spika za gari.

Ukiwa hapo, kama zile za zamani zilikuwa na twita ndogo na ulifikiria kuokoa kapasita yake (kile kidude kinachozuia besi isifike kwa twita) uifunge kwa twita ya gari, ngoja. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 kwa twita ya 8 ohm inaanza kupitisha sauti karibu Hz 4,200, ukiifunga kwa twita ya 4 ohm inaruka mpaka karibu 8,500, na hapo katikati panabaki shimo ambapo hakuna mtu anapiga, wufa imechoka na twita haijaanza. Tafuta kapasita ya mara mbili, kama mikrofaradi 10, ile isiyo na upande wa chanya na hasi.

Swali: Niaje fundi, niko Pipeline, naendesha ka-Demio ka kazi. Niko na hufa ya nyumbani ya stima (ile sabufa yenye amplifaya yake ndani), nataka kuiweka kwa buti na invata. Kuna shida?
*Kijana wa Pipeline*

Jibu: Shida ziko kadhaa lakini wacha nikuulize swali moja kwanza, umewahi kuigeuza ukaangalia nyuma? Hufa nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue siku hizi ziko na tundu la volti 12, waliwekea watu wa sola. Ikiwa yako iko nalo invata ni ya nini? Weka waya kutoka kwa betri, fyuzi karibu na betri, imekwisha. Lakini soma hapo imeandikwa volti ngapi mpaka ngapi, maana gari ikiwaka haitoi 12, inatoa 14 na kitu, na kama imeandikwa 12 kavu kavu ningeogopa.

Kama haina hilo tundu, usikubali mtu akwambie atafungua atoe transfoma afunge 12 ya gari mahali pake. Nyingi ambazo nimefungua zina IC (chipu ya amplifaya) aina ya TDA2030 na umeme wake ni wa pande mbili, kuna chanya, kuna sifuri katikati na kuna hasi, gari haina hiyo hasi ya tatu. Itakoroma au itanyamaza au itatoa moshi, inategemea na siku.

Invata itafanya kazi, sikatai, lakini fikiria safari ya umeme wako. Unatoka kwa betri 12, invata inaupandisha 240, halafu transfoma ya hufa inaushusha tena karibu pale pale ulipotoka, na kila kituo kuna kondakta anakata nauli yake. Na invata za bei ya chini umeme wake una kona kona badala ya wimbi laini, hufa inaanza kulia nzzzz hata muziki ukiwa umezimwa. Ukiweza, vua hufa akili yake yote ya stima, acha boksi na spika pekee, upige na amplifaya ndogo ya gari. Na ukiifungua hakikisha haijachomekwa na ungoje kidogo, zile kapasita kubwa hubaki na chaji.

Swali: Fundi mwenzangu, kazi imenishinda. Mteja ana spika nne za nyumbani 8 ohm na nne za gari 4 ohm, anataka zote zipige kwa redio moja bila amp. Nimezifunga, zinapiga, lakini redio inachemka inajizima. Nikaweka amp ya kutumika ya chaneli nne, sasa kuna mluzi unapanda na injini nikikanyaga mafuta.
*Fundi, Githurai*

Jibu: Spika nane kwa redio moja, kwani huyo mteja anafungua kanisa? Umefunga 4 na 8 kwa pamoja kwa kila chaneli, hesabu yake inatoka 2.7 hivi, redio inataka 4 kupanda juu. Ndio inachemka, na inajizima kwa sababu ina akili kuliko mteja.

Lakini hiyo amp imekuja na bahati usioijua. Amp ya gari ya chaneli nne unaweza kuunganisha chaneli mbili mbili zipige spika moja, ile tunaita kubriji, na amp nyingi zikibrijiwa zinataka 4 ohm au zaidi. Ukibriji kwa spika ya 4 kila chaneli inajiona kama imebeba 2, inatoa jasho. Ukibriji kwa 8 kila chaneli inaona 4, imetulia kabisa, na spika yako ya nyumbani inapata nguvu karibu mara nne ya ile ingepata kwa chaneli moja. Hapo ndio 8 ohm inageuka kuwa faida. Kwa hivyo nne za gari zibaki kwa redio kama zilivyotoka kiwandani, amp ibrijiwe mbili mbili kwa maboksi mawili ya nyumbani, yale mengine mawili mrudishie mwenyewe aende nayo. Angalia tu wati zilizoandikwa nyuma ya boksi, na usikaze mpaka sauti ianze kupasuka, amp ikianza kukata mawimbi twita ndio huungua kwanza.

Mluzi huo ni wa oltaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri. Kwanza angalia waya ya chini ya amp (ile hasi inayofungwa kwa bodi ya gari), pale inapofungwa kwangua rangi mpaka chuma king'ae, iwe fupi na ikazwe na bolti, sio ile skrubu ya plastiki ya kapeti. Ikiendelea, waya ya umeme ipite upande mmoja wa gari na waya ya sauti upande mwingine, nimeona mafundi wazima wakizifunga pamoja na selotepu eti ipendeze. Waya ya umeme iwe ya shaba yenye nyuzi nyingi laini, unene kama milimita mraba 4 kwa amp ya fyuzi 20, sio ile ya kuwaya nyumba maana hiyo ngumu huchoka na mashimo ya barabara. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi kama nusu mita, kwa sababu ile fyuzi iko kwa amp inalinda amp lakini haijui kama waya imesuguliwa na chuma hapo kwa injini ikashika moto.

Swali: Redio yangu ni ile ilikuja na gari kutoka Japani, haina mahali pa kuchomeka amp. Inashika stesheni chache tu. Nitupe?
*Baba wa watatu, Kasarani*

Jibu: Usitupe kwa sababu ya amp, kuna amp zina tundu la kupokea waya za spika moja kwa moja, na kuna kifaa kidogo cha kushusha hiyo sauti kwa zile hazina. Stesheni ni kwa sababu FM ya Japani ilipangwa kutoka 76 mpaka 90 na yetu inaenda mpaka 108, ekspanda, kile kifaa cha kushusha stesheni za juu redio izishike, inasaidia. Lakini ukijumlisha ekspanda na hicho kifaa, pesa ziko karibu na redio ya mtumba yenye bluetuthi. Hesabu kabla hujachomeka.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi sina spika, niko na mume mwenye spika. Ameweka maboksi mawili ya sebuleni kwa buti ya gari, hayajafungwa, yanagongana kwa kila bampu kutoka Ruaka mpaka mjini, na shopping na kigari cha mtoto sasa vinakaa na mtoto kwa kiti cha nyuma. Anasema nisiguse kwa sababu wewe ndio uliandika eti boksi isivunjwe. Nimwambie nini?
*Mama Tasha, Ruaka*

Jibu: Marahaba mama, na pole, hiyo lawama naibeba nusu. Boksi isivunjwe lakini sikusema iachiliwe itembee. Boksi la kilo kumi kwa gari la kilomita 80 likikutana na breki za ghafla linaendelea na safari peke yake, na njia yake inapitia kichwa cha mtoto. Mwambie leo, sio wikendi, ayafunge na mkanda wa rachet kwa zile ndoano za chuma za sakafu ya buti, na kama gari halina, plaiwudi ya nusu inchi ikatwe kwa umbo la buti, maboksi yafungwe juu yake na skrubu kupitia chini, ubao wenyewe ukazwe na bolti za kiti cha nyuma. Akiyalaza chali yakitazama juu na ubao wa pili ukae juu kwa miguu ya sentimita chache, sauti itatokea pembeni na wewe utaweka shopping juu.

Akisema ubao wa juu utaharibu sauti mwambie alete boksi moja tu kwa buti, ingine irudi sebuleni. Besi ya chini haijali inatoka upande gani, boksi moja ikipigwa vizuri itatosha gari hilo. Lakini asichukue kushoto na kulia azikunje pamoja kwa boksi hilo moja ndio asipoteze kitu, redio itanuka kama ile yangu ya River Road. Achague moja, na waya za ile nyingine azifunge ncha kila moja kivyake na tepu ya umeme.